Seli ya Shangazi

Jumatatu, 13 Mei

Nimeiona! Saa nne na robo asubuhi, kioo cha hadubini cha tatu kutoka mwisho, ukuta wa nje wa kibofu cha mkojo cha binadamu. Seli ya neva ambayo hakuna mtu amewahi kuiona tangu watu waanze kuwa na vibofu.

Niandike kwa utulivu. Mimi ni fundi wa maabara ya chuo, na huu ni mwaka wa kumi na tisa nakata vibofu. Nyama inagandishwa ndani ya nta. Naiweka kwenye mashine, naikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, naviacha vielee kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka vinyooke, navichota kwa kioo, natia rangi ya fedha. Neva zinatoka nyeusi. Seli zake hukaa vikundi vikundi, tano, sita, saba, zimebanana kwenye mafuta karibu na mishipa ya damu, na kila moja kiini chake kimesogea pembeni. Pembeni, siku zote. Nazijua kuliko ninavyowajua mawifi zangu.

Hii ya leo ni kubwa mara tatu ya jirani zake. Duara safi. Kiini katikati kabisa! Seli ndogondogo zimeizunguka pande zote kama mkufu. Na la ajabu kuliko yote: ukitaka kuiona vizuri lazima uzungushe skrubu ya hadubini kidogo, kwa sababu imekaa juu ya wenzake. Haichanganyiki nao. Ina hadhi yake.

Sijamwambia mtu. Hasa sijamwambia Karatasi.

Karatasi ni fundi mwenzangu, mtu mzima mwenye ndevu, aliyehamishiwa kwetu mwaka juzi. Jina nimempa mimi. Kila akimaliza kukata nyama moja, kabla ya kugusa nyingine, anachukua karatasi laini na kufuta uso wa maji ya beseni, eti kusiwe na mabaki yanayoelea. Mara thelathini kwa siku! Anasema ndiyo kanuni, imebandikwa ukutani. Najua imebandikwa ukutani. Niliibandika mimi. Ni kwa ajili ya wanaojifunza.

Leo hata nilimwokoa na upuuzi huo. Alikuwa anakata vitu vya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mafundo ya neva ya kando ya uti wa mgongo, kazi ya kitoto. Akanyoosha mkono kuchukua karatasi yake. Nikamwambia apishe, kazi ya wakubwa inasubiri. Akapisha. Nikaweka kibofu changu. Na kwenye maji yaleyale, bila karatasi, bila mbwembwe, nikapata seli mpya.

Hapo ndipo utajua tofauti ya fundi na mfutaji.

Jumanne, 14 Mei

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa ukurasa.

Profesa alituita asubuhi. Profesa ni mama mpole, haongei kwa sauti, na ndiyo maana nimechelewa miaka mingi kugundua jinsi anavyonionea. Alisema kitabu chake cha picha za neva za kibofu kinakwenda kuchapwa. Jalada litakuwa na picha moja kubwa, na chini yake litaandikwa jina la fundi aliyetengeneza kioo hicho. Jina kamili!

Lazima nieleze maana ya jambo hili. Kitabu kilichopita, picha mia na kumi, sabini na nne zangu, niliandikwa hivi: "pamoja na mafundi wa maabara." Pamoja na! Kama vile tulikuwa viti. Nilikinunulia kile kitabu kitambaa cha kukifunika, nikakionyesha kwa mama yangu, akatafuta jina langu ukurasa kwa ukurasa mpaka macho yakamtoka machozi, kisha akaniuliza kwa upole kama nina hakika nafanya kazi pale. Siku ile iliniuma na bado inaniuma. Mama yangu anazeeka. Nataka alione jina langu mahali ambapo hahitaji kulitafuta.

Sasa sikiliza dhuluma. Vioo kumi na viwili vimekwisha chaguliwa tangu Ijumaa. Vimebandikwa namba bila majina, ili wakubwa wakikaa Alhamisi kuchagua cha jalada wasimpendelee mtu. Orodha ya nani kakata kipi iko kwenye droo ya Profesa. Ijumaa! Seli yangu imezaliwa Jumatatu!

Nikamuuliza kama kuna nafasi ya kioo cha kumi na tatu. Akasema kumi na viwili vinatosha. Akauliza nina kipi. Nikasema sina kitu. Nimwonyeshe aipe jina lake? Sijachanganyikiwa.

Jioni nilipitia kibandani kwa mume wangu, fundi saa, nikamwonyesha picha niliyoitoa kwa siri kwenye mashine ya ofisini. Akavua ile lenzi yake ya jichoni, akaivaa tena, akaangalia muda mrefu. Akauliza kwa nini hii moja imefifia wakati nyingine zinaonekana wazi. Nikamweleza habari ya hadhi. Akaweka picha mezani.

"Mke wangu," akasema, "mimi nikifunga saa nikakuta skrubu moja imebaki mezani, sisemi nimegundua saa mpya. Natafuta imetoka kwenye saa ya nani."

Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na mtu analinganisha seli yangu na skrubu! Nilichukua picha yangu nikaondoka. Chakula nimepika. Chumvi sikutia.

Jumatano, 15 Mei

Mpango umekamilika. Ni mpango mzuri mno, naogopa hata kuuandika.

Saa saba wote walikwenda kula. Trei ya vioo kumi na viwili ilikuwa kwenye chumba cha mkutano, kando ya hadubini yenye skrini. Mlango haukufungwa, na mimi nilikuwa na ufagio mkononi, kwa hiyo hakuna ambaye angeniuliza kitu.

Nia yangu ilikuwa moja: kutoa kioo kimoja, kuweka changu. Lakini kipi? Nisingetoa changu, mimi si mwendawazimu. Nikakata shauri: nitoe cha Karatasi kilicho bora kuliko vyote. Ndege wawili kwa jiwe moja, na wote wana ndevu.

Nikaviangalia kimoja kimoja, haraka. Namba saba nikakijua papo hapo.

Naandika hapa tu, na hakuna atakayenisikia nikisema kwa mdomo: namba saba ni kizuri. Seli tisa zimekaa pamoja, kila moja na kiini chake pembeni, safi, hazina hata mkunjo mmoja. Nyuzi za neva zinatoka pale nyeusi tii, zinaingia katikati ya misuli, unazifuata kwa jicho mpaka zinapokwisha. Ukikitazama unaelewa jinsi habari ya kibofu kujaa inavyosafiri. Nilikaa nacho muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nilisikia wivu, wivu wa kweli.

Kisha nikaona kasoro na roho ikatulia. Upande wa kushoto kuna mstari mwembamba wa kisu. Mkono wa mtu mwenye pupa! Karatasi huyo huyo. Kisu chetu cha zamani kilikuwa na pengo lililoacha mstari kama huo, lakini kilitupwa kabla Karatasi hajaja. Sijui alikitoa wapi. Mtu huyu ana mambo mengi yaliyofichika.

Nikabandua namba 7, nikaibandika kwenye kioo changu. Kile kingine nimekifunga kwenye leso, kiko mfuko wa koti la kazi, upande wa kulia. Sina nia ya kuiba. Baada ya kupongezwa nitakirudisha.

Linalonisumbua ni jina la seli. Kazini wote wananiita Shangazi, kuanzia Profesa mpaka mlinzi, ingawa sina ndugu hata mmoja mle ndani. Sitaki kusikia "Seli ya Shangazi". Hainipi heshima. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati kutamka majina yangu yote matatu bila kuvuta pumzi katikati. Mume wangu akaniuliza naongea na nani. Sijamjibu, tuko kwenye ugomvi.

Alhamisi, 16 Mei

Naandika nikiwa nimefunga kidole kitambaa.

Mkutano ulikuwa saa tatu. Nilikunywa chai vikombe viwili kulainisha koo kwa ajili ya hotuba, na glasi ya maji juu yake. Nikakaa safu ya mbele. Karatasi akakaa nyuma yangu. Wakubwa walikuwa watano, pamoja na daktari mmoja mzee aliyealikwa, mwenye kusikia kwa shida na kuuliza kwa wingi.

Namba moja, dakika kumi. Namba mbili, dakika kumi na tano. Kwenye namba tatu kibofu changu kikaanza kuleta salamu. Nikajitia sijasikia. Kwenye namba nne yule mzee akauliza swali, akajibiwa, akauliza lilelile. Salamu zikawa simu. Nawafahamu hawa wanaopiga simu! Najua wanakaa wapi, najua sura zao, nimewapaka rangi ya fedha kwa mikono yangu miaka kumi na tisa, na leo wananidai kama hatujawahi kuonana!

Namba tano. Nikapiga moyo konde. Namba sita, nikakunja mguu wa kulia juu ya wa kushoto, nikabana kwa nguvu zote alizonijalia Mungu. Mfukoni mwangu kitu kikalia "kacha". Nikajua ni kioo cha Karatasi. Nikasikitika kwa muda mfupi sana.

Kisha ikawa basi. Mtu anaweza kuwa na subira, lakini kibofu kina mipaka yake. Niliinuka nikapita mbele ya wakubwa wote nikiwa nimeinama kama mtafuta pete. Choo cha karibu kimefungwa. Ufunguo uko kwa mlinzi. Mlinzi yuko getini. Sitaki kuandika zaidi, ila nilifika.

Niliporudi nilisikia vicheko tangu koridoni. Nikafungua mlango. Kwenye skrini, kubwa kama sinia, ilikuwa seli yangu! Kiini katikati! Watu wanacheka, yule daktari mzee anapiga makofi kwenye goti lake. Nikasema moyoni, furaha ya ugunduzi hiyo. Nikaenda moja kwa moja mbele, nikainama, nikatamka majina yangu matatu kwa pumzi moja.

Daktari mzee akaacha kupiga goti.

Profesa akaja karibu yangu, akaongea taratibu kama kawaida yake. Akasema seli hii anaijua kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: imetoka kwenye fundo la neva la kando ya uti wa mgongo. Haikuzaliwa kwenye kibofu. Ilibaki inaelea kwenye beseni, kibofu kilipochotwa ikakaa juu yake. Ndiyo maana iko juu ya wenzake.

Uti wa mgongo! Nikageuka kumtazama Karatasi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Kumbe seli yangu, niliyoilea siku nne, ilikuwa makombo ya Karatasi!

Profesa akauliza namba saba yenyewe iko wapi. Nikasema sijui. Mkono wangu, ambao hauna akili, ukaingia mfukoni wenyewe kuhakikisha. Nikapiga kelele. Leso ikatoka na damu na vipande vya kioo, mbele ya watu wote.

Profesa akavitazama. Nilidhani atakasirika. Afadhali angekasirika.

"Shangazi," akasema, "namba saba ilikuwa yako. Uliikata miaka mitatu iliyopita kwa kile kisu kibovu. Ndiyo niliyotaka iwe jalada."

Ijumaa, 17 Mei

Nimelia stoo, kati ya madebe ya nta, kuanzia saa mbili mpaka saa tatu kasorobo. Nikanawa uso. Nikarudi mezani nikaandika malalamiko rasmi.

Nimeeleza wazi kwamba siku ya Jumatatu, nyama ya fundi mwingine iliingia kwenye maji yangu bila ruhusa na kukaa juu ya kibofu changu bila kualikwa. Kwamba fundi huyo aliacha beseni bila kulifuta, kinyume cha kanuni iliyobandikwa ukutani. Kwamba mimi ndiye niliyedhuriwa. Profesa amesoma malalamiko yote, kurasa mbili. Akauliza kama ni kweli kwamba Karatasi alinyoosha mkono kuchukua karatasi na mimi nikamwambia apishe. Nikasema sikumbuki vizuri, niko kwenye majonzi. Akanirudishia kurasa zangu.

Jalada limepewa namba mbili. Ya Karatasi, bila shaka. Seli nne tu!

Halafu mchana Karatasi huyo akaja kwenye meza yangu. Nikajiandaa kwa kejeli, majibu nilikuwa nayo matatu. Akasema anasikitika kuhusu namba saba. Akasema alipohamia hapa, mwezi wake wa kwanza wote alikuwa anakichukua kile kioo kabatini na kukitazama, ajifunze mkono wa mtu unawezaje kukata vile. Hakujua ni changu mpaka jana, kabatini hakikuwa na jina. Kisha akarudi kwenye beseni lake, akafuta maji.

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Sijui anatafuta nini kwangu. Majibu yangu matatu sikupata pa kuyatumia, na moja lilikuwa zuri sana.

Jumamosi, 18 Mei

Mume wangu amechukua leso yangu yenye vipande. Hakuniomba. Nilimkuta kibandani, wateja wawili wanasubiri saa zao, yeye amevaa lenzi na kibano mkononi, anaunganisha kibofu.

Vipande vilikuwa sita. Alitumia gundi ile ya vioo vya saa. Ilipofika saa tisa akaniita nitazame. Seli zote tisa zipo, kiini pembeni, ila ufa unapita katikati na seli moja imekatika. Akanong'ona akaniuliza kama hizi ndizo nilizokuwa namweleza miaka yote hii. Nikasema ndiyo. Akasema hakujua kuwa ni nzuri hivi. Akavua lenzi, akasema anajuta kuniambia ile habari ya skrubu.

Nilimwambia gundi yake inauma macho. Leo chumvi nimetia.

Tukakipeleka kioo kwa mama. Amekaa karibu na dirisha akakishika kwa ncha za vidole, akauliza jina langu liko wapi. Nikamwonyesha pembeni, kwenye karatasi ndogo, ambapo mume wangu ameandika majina yote matatu kwa kalamu yake nyembamba ya kazi ya saa. Herufi ni ndogo mno. Mama hakuziona. Akasema anazipapasa, inatosha.

Jumatatu, 27 Mei

Haki imepatikana, na imekuja kwa njia ambayo hata mimi sikuipanga.

Profesa ana droo ya vioo vya kufundishia. Ameweka humo kioo changu cha tarehe 13, kile chenye seli kubwa, na juu yake ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Kipande kilichoelea. Shangazi." Kila mwanafunzi ataonyeshwa kioo hicho siku ya kwanza, kabla hajagusa mashine. Kila mwaka! Na leo koridoni nimewasikia wawili wakibishana, mmoja anasema kwenye kioo chake kuna shangazi mbili, mwenzake anasema hapana, ni moja, nyingine ni uchafu. Wananitumia kama neno la kitaalamu! Karatasi ana jalada moja ambalo watu watalifunua na kulipita. Mimi nitatajwa darasani mpaka dunia iishe. Nimempigia mama simu kumweleza. Amefurahi, ingawa ameuliza mara mbili kama ni jambo zuri.

Asubuhi nilikuta pakiti nzima ya karatasi laini kando ya beseni langu, na kikaratasi cha Profesa kilichoandikwa "Tafadhali". Nimeguswa sana. Baada ya miaka kumi na tisa amenipa zawadi! Karatasi zenyewe ni nzuri, zinashika wino bila kuuvujisha, na nimekwisha tumia nne kuandika rasimu ya tangazo langu.

Kwa maana sikumaliza. Leo saa tatu na nusu, ukuta wa kibofu, upande wa juu. Mzizi wa unywele! Unywele kamili, na kifuko chake, ndani ya kibofu cha mkojo cha binadamu! Watu wana nywele kwenye vibofu na hakuna daktari aliyewahi kuwaambia. Karatasi alikuwa hapohapo kwenye beseni tangu asubuhi, anakata ngozi ya kichwa kwa ajili ya wanafunzi, na hakuona kitu. Nilimwambia apishe akapisha, na ile karatasi yake ikabaki mkononi.

Nimeangalia mara tatu kuhakikisha. Ni lazima uzungushe skrubu kidogo. Umekaa juu ya wenzake.